Mchuzi wa Mifupa Isiyokuwepo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Sijawahi kushtuka hivi tangu nioe. Baba mkwe anaacha jiko! Katamka asubuhi mbele ya watu wote wa nyumbani, kikombe cha chai mkononi, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Presha imepanda. Daktari kamwambia apumzike, asisimame tena juu ya moto, na chumvi aisahau kabisa. Kwa hiyo mgahawa wake, ule wenye meza za bluu mbele ya kituo cha mabasi, unatafuta bwana jiko mpya. Au bibi jiko.

Wagombea tuko wawili. Wa kwanza ni Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye amepika pale tangu alipokuwa akipanda juu ya kreti ili afikie sufuria. Wa pili ni mimi. Mimi najua kuchemsha chai. Na mayai pia, kama kuna mtu wa kunikumbusha kuyatoa.

Kazi yangu pale ni kubeba sahani, kufuta meza na kuwaambia wateja kwamba nyama inakuja. Tangu nimeingia katika familia hii nimekuwa nikisema nyama inakuja. Nimechoka kuisemea. Nataka niwe mtu ambaye nyama inatoka kwake!

Utaratibu ni huu: wiki hii, kila mchana, kila mmoja wetu ampikie Mzee sahani moja. Jumapili atasema nani anachukua ufunguo wa jiko. Sharti ni moja tu, hakuna chumvi. Shemeji akacheka kwa pua. Mke wangu akanitazama jinsi mtu anavyomtazama kuku anayejaribu kuvuka barabara kuu.

Alasiri nikaenda dukani kwa Babu Miwani, jirani yetu, kununua kiberiti. Macho yakatua kwenye pakiti. MCHUZI WA PAPO HAPO, LADHA YA NYAMA YA KUOKA. Picha ya pande la nyama limelala katika ziwa la mchuzi, moshi unapanda. Ongeza maji tu! Mdomo ukabaki wazi. Watu wanasimama jikoni umri wao wote, wanamenya vitunguu, wanatokwa machozi, kumbe mchuzi ni unga!

Babu Miwani akasema unga huo unapendwa sana na wanafunzi wa mabwenini na wanaume walioachwa. Nikamwambia mimi sijaachwa. Akasema bado mapema.

Nimechukua boksi zima.


Jumanne, tarehe 4 Juni

Aibu. Aibu tupu!

Nilichemsha maji mpaka yakaruka. Nikamimina unga wote kwa mkupuo, kama fundi anayechanganya zege. Nilitegemea ziwa la kwenye picha. Nikapata madonge! Mengine kama gololi, mengine kama ngumi ya mtoto. Nikayaponda kwa mwiko, yakakimbilia pembeni mwa sufuria. Nikayafukuza, yakakimbilia upande wa pili. Mke wangu akapita mlangoni akauliza nacheza mchezo gani.

Muda ukawa umekwisha. Nikamwaga juu ya viazi, nikatangaza kwamba yale ni vinofu.

Mzee akachukua kinofu kikubwa kuliko vyote. Akakitafuna. Kikapasuka! Ndani kulikuwa na unga mkavu, haujaguswa na tone la maji, na wote ukamwingia puani. Alipiga chafya mpaka miwani ikaangukia kwenye sahani. Shemeji akampigapiga mgongoni, kisha akaniuliza kwa upole mkubwa kama nilichopika ni chakula au ni dawa ya mende.

Tukiwa chumbani mke wangu akaniuliza kama nimesoma maelekezo ya kile kitu, kitu chochote kile nilichokitumia. Nikamwambia mtu mwenye kipaji hasomi, anahisi. Akasema basi nihisi tena, kwa sababu kwa kawaida unga hukorogwa kwanza na maji baridi. Kila mtu anajua hilo.

Kila mtu! Mimi nimeishi miaka yote hii bila kuambiwa!


Jumatano, tarehe 5 Juni

Ushindi!

Maji baridi kidogo kwanza. Nikakoroga mpaka ukawa laini kama rangi ya ukuta. Kisha nikamimina polepole kwenye maji yanayochemka, huku nakoroga bila kupumzika. Ghafla ukashika! Mbele ya macho yangu! Ukawa mzito, unang'aa, rangi ya kiti cha ngozi cha mkurugenzi. Nilitazama sufuria, nikatazama mikono yangu, nikatazama tena sufuria. Sikuamini kwamba ni sisi.

Shemeji alimpikia Mzee kuku kwa nyanya, kitunguu saumu na limau. Mzee akala vijiko viwili, akasukuma sahani. Tangu chumvi ipigwe marufuku, alisema, kila kitu kina ladha ya karatasi. Ndipo nikaweka bakuli langu. Akaonja. Akafumba macho. Nikadhani amezimia! Alipofumbua, yalikuwa na machozi.

Akauliza, "Mkwe wangu, niambie kweli. Umetia chumvi?"

Nikanyoosha mkono juu. "Baba, haki ya Mungu, kopo la chumvi sijaligusa."

Na ni kweli! Sijaligusa! Mke wangu akasema kutia chumvi ndiyo kazi niliyozaliwa nayo, ila huwa naitia kwenye maneno. Nikampuuza. Mzee alikuwa analamba bakuli.

Shemeji akataka kujua siri. Nikasema mifupa. Mifupa ya ng'ombe, inaokwa mpaka iwe nyeusi, kisha inachemshwa taratibu mpaka itoe roho. Maneno yalitoka yenyewe, mpaka mimi mwenyewe nikaona njaa. Akauliza mifupa yenyewe iko wapi. Nikasema nimempa mbwa.

Akasema hatuna mbwa.

Nikasema ni mbwa mpya.


Alhamisi, tarehe 6 Juni

Asubuhi na mapema nimeazima mbwa kwa Fundi Viatu wa kibanda cha pembeni mwa kituo. Nilimwambia nataka alinde gunia la mkaa. Nikamfunga nyuma ya mgahawa, mahali ambapo Shemeji hawezi kupita bila kumwona. Mbwa mzuri, mnene, wa kula mifupa kabisa.

Mchana nikajiachia. Kwa nini unga huu uishie kwenye viazi? Nikautia kwenye maharage. Nikautia kwenye kabeji. Nikaunyunyizia mkavu juu ya mayai. Mzee nikampa bakuli lake, akaomba jingine, nikampa na la tatu. Wateja nao wakapata, maana Shemeji alikwenda sokoni akaniachia sufuria yake ya nyama, nami nikaiboresha. Haikuwa na kasoro, ila aliyeipika ni Shemeji.

Ajabu ya leo: watu walivyokunywa maji! Mwalimu mstaafu wa meza ya dirishani alimaliza jagi lake, akachukua la jirani. Kondakta mmoja alikwenda kunywa bombani, kichwa kimeinama kama ng'ombe. Nikasema huo ndio uzito wa chakula kizuri, kinamsisimua mtu.

Mzee alilalamika kuumwa kichwa. Kisha viatu vikakataa kumtoka. Miguu imejaa, akasema, au labda Fundi Viatu alivibana alipovishona upya. Ni Fundi! Nikakimbia mwenyewe kwenda kumwambia Fundi kwamba ameharibu viatu vya mtu mzima mwenye heshima zake. Nilisema kwa sauti, ili Mzee asikie alipokaa. Fundi akanisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni. Akainuka. Akavuka barabara, akazunguka nyuma ya mgahawa, akarudi na mbwa wake.

Shemeji alikuwa anashuka na vikapu vya sokoni. Akamtazama mbwa akiondoka, mkia juu, hajageuka hata mara moja. Akaniuliza yule ni mbwa wa nani.

Nikasema siku hizi hata mnyama wa kumfuga mwenyewe humjui vizuri.


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimekaa na kalamu muda mrefu, naangalia ukuta.

Leo ilikuwa siku ya Mzee ya kliniki. Nilijitolea kumsindikiza ili daktari aone nani anamtunza. Viatu havikumwingia kabisa, akaenda na ndala. Nesi akamfunga kipimo cha presha mkononi, akapampu, akatazama. Akafungua, akafunga mkono wa pili. Akatazama tena. Akasema kipimo kimeharibika. Akajipima mwenyewe, kipimo kizima! Akanipima na mimi. Akaniuliza umri wangu, akatikisa kichwa.

Wakamwita Dada wa Lishe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, kazi yake kuwafundisha wagonjwa namna ya kula. Akamuuliza Mzee anakula nini. Mzee akajibu kwa fahari, jamani, mpaka sasa sauti ile inanichoma. Akasema mkwe wake anampikia kwa mkono wake mwenyewe, mchuzi wa mifupa, bila chumvi, na kwamba hajawahi kutunzwa hivyo tangu mama watoto afariki.

Nikainama kumvua ndala apimwe uzito. Pakiti ikaniponyoka kutoka mfuko wa shati. Ikaanguka sakafuni, picha juu.

Dada wa Lishe akaiokota. Akaigeuza nyuma, upande ambao mimi sijawahi kuutazama, akasoma kwa sauti. Wanga. Chumvi. Mafuta. Rangi. Ladha ya kutengenezwa.

Chumvi! Ya pili! Kabla hata ya mafuta!

"Nyama iko wapi?" Mzee akauliza.

"Hamna nyama hapa, Mzee. Kuna ladha ya nyama tu."

"Na mifupa?"

"Mifupa hamna."

Akaeleza kwamba vijiko viwili vya mchuzi huu vinamtosha mtu mzima mwenye afya. Akauliza Mzee anapewa vingapi. Mzee alionyesha kwa mikono ukubwa wa bakuli. Kisha akaonyesha tena. Kisha mara ya tatu. Nesi akaketi.

Mzee akageuka kunitazama. Nilitegemea hasira. Kama angenichapa kofi ningeshukuru. Alinitazama tu, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta si kwake.

Wamemlaza. Mapigo ya moyo hayapendezi, wamesema, wanataka kumwangalia kwa karibu. Mke wangu alikuja mbio, aproni bado kiunoni. Nilipojaribu kueleza aliinua kiganja. Hajanisemesha tena. Hakunifokea wala hakulia. Ananipita kama stuli.

Nilikuwa namlisha chumvi kwa bakuli. Mimi. Na yeye alikuwa ananiombea dua baada ya kula!


Jumamosi, tarehe 8 Juni

Wodini tangu asubuhi. Presha imeanza kushuka, wanasema, lakini miguu bado. Nesi aliibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, kidole kikaondoka, kishimo kikabaki. Nilikitazama kile kishimo. Sikutaka kukitazama, lakini macho hayakuniuliza.

Shemeji alikuja na chakula chake kwenye hotipoti. Nilijiandaa kwa masimango. Badala yake alinipa sahani nimshikie baba yake, yeye akamlisha. Afadhali angenisimanga.

Dada wa Lishe akapita. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama ule unga ni sumu. Akashangaa. Akasema si sumu hata kidogo. Mtu mwenye afya akitia kijiko kwenye rosti ili iwe nzito, au akikolezea nyama ya kuoka, hakuna ubaya, mradi asiongeze chumvi nyingine juu yake na asifanye kila siku. Ila asidhani amekula lishe, kwa sababu protini ni kidogo mno na vitamini hazipo. Kwa mgonjwa wa presha, aache. Kisha akanifundisha mchuzi mwingine: unga wa ngano unakaangwa mkavu kwenye kikaango mpaka uwe rangi ya karanga, vitunguu vinaachwa kwenye moto mdogo mpaka viwe vyekundu, unatia supu ya mifupa ya kweli, kitunguu saumu na limau mwishoni. Nikauliza inachukua muda gani. Aliponiambia nilitaka kukaa chini. Nilikuwa nimeshakaa.

Mchana Shemeji akatoka kuosha vyombo. Mke wangu akaenda duka la dawa. Tukabaki wawili.

"Sogea," Mzee akasema.

Nikasogea. Nikainamisha kichwa, nipokee laana yangu vizuri.

"Zimebaki?"

"Nini, Baba?"

"Pakiti, wewe!"

Akanishika mkono, akanivuta mpaka nikasikia pumzi yake. Akasema chakula cha binti yake ni kizuri, hana neno, lakini hakina mwanga mdomoni. Akasema yeye ni mtu mzima, amepika miaka mingi, anajua anachokitaka. Kikombe kimoja tu. Nikimbie nyumbani nikilete kwenye chupa ya chai, hakuna atakayejua.

"Ukiniletea, ufunguo wa jiko ni wako. Nakuapia."

Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma tena. Ufunguo wa jiko! Nyumbani boksi lina nusu nzima. Kwa miguu ni karibu, na geti la hospitali lilikuwa wazi. Nilisimama kabisa. Nikageuka kuelekea mlangoni. Shuka lilikuwa limemteleza, miguu yake iko nje, na kile kishimo bado nakijua mahali kilipokuwa.

"Hapana, Baba," nikasema.

Sijui nani alishtuka zaidi, yeye au mimi. Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Akasema sifai. Akasema tangu mwanzo alimwambia binti yake kwamba mimi ni mdomo tu, na sasa hata mdomo wenyewe umeishiwa. Akageukia ukutani. Nikamfunika miguu.

Nilipogeuka nikamkuta mke wangu amesimama mlangoni na mfuko wa dawa. Sijui alisimama pale tangu lini. Akasema maneno ya kwanza tangu jana.

"Umekula?"

Nikasema sijala.

"Twende ukale."


Jumapili, tarehe 9 Juni

Mzee amerudi nyumbani! Presha imeshuka, viatu vimemwingia. Amekwenda mwenyewe kwenye kibanda kumwomba Fundi Viatu radhi. Mimi nilijificha nyuma ya basi.

Uamuzi ukatoka saa ya chakula. Ufunguo ni wa Shemeji. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, na ajabu ni kwamba mikono yangu ilipiga kwa moyo mmoja. Mzee hakusema lolote kuhusu jana. Alisema tu kwamba mimi naendelea na meza, kwa sababu hakuna anayejua kusema nyama inakuja kama mimi. Wote wakacheka. Sijui kama ilikuwa sifa.

Shemeji akanipa kikaango. Akasema kama nataka kweli kujifunza, nikaange unga nisiache kukoroga. Nikakoroga. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyusi. Nikaangalia pembeni mara moja tu, basi lilipiga honi, unga ukaungua! Hakunifokea. Akamwaga, akanipa mwingine. Wa pili ulitoka rangi ya karanga. Akatia vitunguu vyake, supu, limau, nikaonja. Mchuzi! Mchuzi wa kweli! Mzee akala bakuli zima, akasema sasa unaanza kuwa na mwanga. Shemeji akamwambia nimeukaanga mimi. Nilitazama chini.

Nikasimama mbele ya wote nikaapa. Sitapeleka pakiti jikoni bila kusoma nyuma yake, neno kwa neno. Mke wangu akanibana mkono chini ya meza. Mabaki ya boksi nikamrudishia Babu Miwani jioni ile ile, kwa mkono wangu.

Na dukani kwake nimepigwa na butwaa. Kumeingia mzigo mpya! KRIMU YA PAPO HAPO, LADHA YA EMBE. Ongeza maziwa tu! Picha ya bakuli la kioo, manjano kama jua, na embe zima limeegemea pembeni. Nikamkumbuka Mzee, wiki nzima ya mateso, hana raha ya mdomo. Nikakumbuka pia kwamba Shemeji hana kitu cha baada ya chakula. Mahali pale ni patupu! Hakuna ufunguo wake!

Lakini mimi wa leo si yule wa Jumatatu. Niligeuza pakiti. Nilisoma kila neno, mara mbili, Babu Miwani ananishikia taa ya simu. Chumvi haimo. Haimo kabisa! Cha kwanza kilichoandikwa ni sukari, na cha pili ni sukari ya aina nyingine, lakini sukari hakuna daktari aliyeitaja.

Nimechukua maboksi mawili. Kesho Mzee anaanza na bakuli kubwa.